Kamera ya Mitaani Huchaguliwa kwa Jicho



Leo nazungumza na wale wanaotaka kununua kamera ya kupigia picha mitaani. Swali hili linanifikia mara kwa mara, hasa kutoka kwa vijana: ninunue ipi? Na anayeuliza huwa amekwisha kufanya hesabu zake. Ana jina la kiwanda, ana megapikseli, ana bei ya Dubai na bei ya hapa. Ukimuuliza kamera hiyo jicho utaliweka wapi, ananyamaza. Basi mimi leo nitakaa hapo hapo penye jicho, kwenye kile kidirisha cha kutazamia kilicho nyuma ya kamera, ambacho wenzetu waliosoma kwa Kifaransa wanakiita vizeri. Megapikseli mtanisamehe. Kamera karibu zote zilizotengenezwa katika miaka kumi iliyopita zinazo za kutosha kuchapa picha kubwa ya kutundika sebuleni, na hiyo kesi imefungwa.

Tuanze na jua, maana ndilo linaloamua mengi katika mji huu. Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa anga huwa tupu kabisa, bila wingu. Saa sita mchana, pale Place de la Poste, toa simu yako au kamera isiyo na kidirisha, jaribu kuangalia kwenye skrini. Unachokiona ni paji la uso wako. Unainamisha simu, unaikinga kwa kiganja, unageuka upande, na wakati huo wewa wa pikipiki aliyekuwa anapita amebeba godoro kichwani na abiria wawili nyuma amekwisha kukata kona. Picha ya mitaani haingoji ukitafuta kivuli. Kidirisha, kwa sababu jicho limekibana na mwanga wa nje hauingii, kinakuonyesha vilevile saa sita mchana kama saa kumi na mbili jioni. Hiyo ni sababu ya kwanza, na peke yake ingetosha.

Lakini ipo ya pili, nayo kwangu ni nzito zaidi. Ni ya adabu.

Mtu anayepiga picha kwa simu anaweza kujifanya anaandika ujumbe. Sote tumeona. Simu iko tumboni, macho yako pembeni, kidole kinabonyeza. Watu wa mji huu wameshaijua hila hiyo na wanaichukia, na wana haki. Kamera inayoinuliwa mpaka usoni haifichi kitu. Aliye mbele yako anajua unafanya nini, anao muda wa kugeuza uso, kuinua mkono, kukutukana, au kurekebisha kitambaa chake.

Niwape mfano wa Soko la Kenya, hapa hapa mjini. Nilikuwa mbele ya mama mmoja muuza samaki wakavu, wale wanaokuja kwa barabara ya Kasenga. Amewapanga vizuri juu ya kiroba, wakubwa nyuma, wadogo mbele, na mkononi ana kipande cha karatasi ngumu cha kufukuzia nzi. Nikainua kamera. Karatasi ikasimama hewani.

"Papa, foto ya nini? Utaenda kuniuzisha kwa bazungu?"

Nikamwambia hapana mama, napiga soko letu, na nikaeleza kazi yangu ni ipi. Kamera bado iko jichoni, la kulia. La kushoto liko wazi, linamwangalia, na mdomo wangu hauna kizuizi. Akanipima. Jirani yake muuza mboga za lenga-lenga akacheka. Mwishowe akasema, "Kama unapiga, piga muzuri," akaivuta kanga begani, akaendelea kufukuza nzi kana kwamba sipo. Picha ile ninayo, na yeye alipewa ya kwake imechapwa.

Sasa angalieni jambo dogo la ufundi lililomo ndani ya kisa hicho. Kamera niliyoshika ina kidirisha chake kwenye kona ya juu, upande wa kushoto. Ukiweka jicho la kulia hapo, pua inapita nje ya kamera, shavu liko huru, na nusu ya uso wako inaonekana kwa unayezungumza naye. Kamera nyingi kubwa, zile zenye kichuguu katikati juu ya lenzi, zinaweka kidirisha katikati. Pua inagandamizwa kwenye skrini, inaacha mafuta hapo, na mbele ya mama muuza samaki wewe huna uso tena, una chuma. Kwa harusi si neno. Kwa soko ni tatizo. Wanaotumia jicho la kushoto, nao ni wengi, kona hiyo haiwasaidii kitu: kamera itawafunika uso mzima vyovyote vile. Hao wachague kwa mambo mengine nitakayoyataja. Na kama hujui wewe ni wa jicho gani, nyoosha kidole ukielekeze kwenye nguzo ya umeme macho yote yakiwa wazi, kisha fumba moja moja. Jicho linalobaki na kidole juu ya nguzo ndilo lako.

Vidirisha viko vya aina tatu, kwa ufupi.

Kuna cha kamera yenye kioo ndani, ile ambayo ukibonyeza unasikia kla! Mwanga unaingia kwa lenzi, unagonga kioo, unapanda juu, unageuzwa, unafika jichoni. Unaona kwa lenzi yenyewe. Kuna cha umeme, ambacho kwa kweli ni televisheni ndogo sana iliyofichwa nyuma ya kioo cha kukuzia. Kinakuonyesha picha jinsi kamera itakavyoiandika, nyeusi ikiwa utaipunguzia mwanga, nyeupe ikiwa utauzidisha. Na kuna cha tatu, dirisha tupu la kioo lisilopita kwenye lenzi, lenye mistari myeupe ya kuonyesha mipaka ya picha. Leica ndiyo iliyokipa jina. Leica M3 ya mwaka 1954 ilikuwa na kidirisha kinachokuza kwa 0.91, karibu ukubwa wa jicho lenyewe, kiasi kwamba unaweza kuacha macho yote mawili wazi na mistari ile ikawa kama inaelea juu ya barabara.

Hicho cha tatu ndicho ninachokipenda kwa mitaani, na sababu ni hii. Mistari iko ndani ya dirisha, na nje ya mistari bado unaona. Mtoto anayekimbia nyuma ya tairi ataonekana kwako kabla hajaingia kwenye picha. Utaona pia askari anayevuka barabara kuja upande wako, na basi dogo linalorudi kinyumenyume bila kupiga honi. Mpiga picha wa Lubumbashi anahitaji kuona pembeni, na sisemi zaidi. Kila aliyetembea na kamera katikati ya mji anajua kwamba kuna majengo na sare zisizopigwa picha, na kwamba ni afadhali karatasi zako ziwe mfukoni na salamu iwe mdomoni kabla hujaulizwa.

Shida ya Leica inajulikana. Mpya ya kidijitali ni zaidi ya dola 8,000, na kwa fedha hiyo ndugu zangu mtu ananunua kiwanja. Kwa hiyo Fujifilm ilipoleta X100 yake mwaka 2011 ilikuwa habari kubwa kwa watu wa kazi hii: kamera ndogo, lenzi moja isiyotoka, kidirisha kwenye kona, na swichi upande wa mbele. Ukiivuta upande mmoja unapata dirisha la kioo lenye mistari, ukiivuta tena linakuwa la umeme. Wameendelea kuitengeneza mpaka X100VI ya mwaka 2024, ambayo bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 1,599. Hapa, ukiongeza safari ya Dubai, mpaka, na faida ya kila mkono iliyopitia, jiandae. Ya mtumba ya matoleo ya kwanza ni nafuu, na kidirisha chake kina mpango ule ule.

Na Ricoh GR je? Najua mashabiki wake wananisikiliza, watanipigia simu. Ni kamera nzuri sana, ndogo, GR III haifiki hata gramu 300, inaingia mfuko wa shati. Lakini haina kidirisha kabisa. Jua la mwezi wa nane mtapambana nalo. Unaweza kununua kidirisha cha kupachika juu, na Ricoh wenyewe wanavyo, ila hakikuonyeshi kama kamera imelenga uso au ukuta ulio nyuma yake.

Sasa nije kwenye hila ya namba, maana hapa ndipo watu wanapouziwa. Kwenye kijitabu cha kila kamera kuna namba inayosema kidirisha kinakuza kiasi gani. Nikon D3500 ya mwaka 2018, kamera ya wanaoanza ambayo utaiona madukani, imeandikwa 0.85. Fujifilm X100V, kwa kidirisha chake cha umeme, imeandikwa 0.66. Muuzaji atakuambia 0.85 ni kubwa zaidi, na wewe utamwamini kwa sababu hesabu ya shule ya msingi inakubaliana naye. Si kweli. Namba ya Nikon imepimwa kwa lenzi ya milimita 50 juu ya kihisio kidogo, yaani kile kipande kinachopokea picha ndani ya kamera, ambacho kinaona sehemu nyembamba tu ya dunia. Ili uilinganishe na nyingine lazima uigawanye kwa 1.5, na hapo unabaki na kama 0.57. Namba ya Fujifilm imekwisha kugawanywa. Kwa hiyo yenye namba ndogo ndiyo yenye dirisha kubwa. Ukichungulia kwenye D3500 baada ya kutoka kwenye kamera nyingine utaona picha iko mbali, ndogo, mwisho wa korido.

Tena kuna asilimia. D3500 hiyo hiyo inakuonyesha asilimia 95 ya upana na asilimia 95 ya urefu. Inaonekana ni nyingi. Zidisha moja kwa nyingine: karibu sehemu moja kati ya kumi ya picha yako hukuiona ulipobonyeza. Mfuko wa plastiki, kiwiko cha mtu, nusu ya bango la mtandao wa simu, vyote vinaingia kwa mlango huo wa pembeni. Unaweza kuvikata baadaye kwenye kompyuta, sawa. Mimi napendelea kuviona kabla. Ndiyo maana mwenye fedha kidogo namshauri asinunue kamera mpya ya bei ya chini. Atafute ya mtumba iliyokuwa ya daraja la juu. Nikon D7100 ya mwaka 2013 au D7200 ya mwaka 2015, kwa mfano, zinaonyesha asilimia 100, na juu ya lenzi zina kipande kizima cha kioo kizito badala ya vioo vyepesi vilivyounganishwa, kwa hiyo dirisha ni kubwa zaidi na lina nuru zaidi. Ni nzito, na kidirisha chake kiko katikati, nimeshasema ubaya wake. Lakini rahisi ghali, wahenga walisema, na hapa walisema kweli.

Wavaa miwani sasa mnisogelee, maana mimi ni mwenzenu.

Kila kidirisha kina umbali wake, yaani jicho linaweza kukaa mbali kiasi gani na bado likaona pembe zote nne. Umbali huo huandikwa kwa milimita. Miwani peke yake inakula kama milimita 12 hadi 14 kati ya jicho na kioo chake. Kidirisha chenye umbali wa milimita 15 kinakuachia nini? Karibu hakuna. Utaona katikati vizuri, pembe zitakuwa nyeusi, na utaanza kuzungusha jicho juu chini kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. X100V imeandikwa milimita 16.8, inavumilika. D7200 ni 19.5. Mwaka 1982 Nikon waliwatengenezea watu wa miwani toleo la kamera yao F3 lenye umbali wa milimita 25, na mpaka leo wenye macho mabovu wanaitafuta kwenye mitumba ya filamu kama dhahabu. Zile Leica za zamani zinazosifiwa, pete ya kidirisha chake ni ya chuma tupu. Inakwaruza kioo cha miwani. Mtu anaonyesha kamera yake kwa fahari na miwani yake ina alama ya duara katikati.

Pembeni ya kidirisha, kwenye kamera nyingi, kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha nguvu ya macho. Wengi hawakijui. Wananunua kamera, wanaona ukungu, wanasema lenzi mbovu, wanairudisha. Kizungushe huku ukiangalia maandishi yaliyo chini ya dirisha, siyo picha yenyewe, mpaka maandishi yakae wazi. Kama udhaifu wa macho yako si mkubwa utaweza hata kuvua miwani. Mimi sivui, kwa sababu nikiivua simwoni tena mama muuza samaki, namwona tu ndani ya kamera, na jicho langu la kushoto linakuwa la mapambo.

Umeme. Hatuwezi kuzungumzia kifaa chochote mjini hapa bila delestaji, yaani mgao wa umeme. Kidirisha cha umeme kinakula betri muda wote unapochungulia, hata kama hupigi. Fujifilm wenyewe wanasema X100V inapiga kama picha 350 kwa betri moja ukitumia kidirisha cha umeme, na 420 ukitumia kile cha kioo. Nikon D3500, ambayo nimeisema vibaya sana, inafikisha 1,550, kwa sababu kioo hakihitaji umeme kukuonyesha kitu. Kwa mtu wa mtaa usiojua umeme utarudi lini, hiyo tofauti si ndogo, na nisingependa kuificha kwa sababu tu sipendi dirisha lake. Upande mwingine, D3500 huwezi kuichaji kwa waya wa USB. Betri lazima itolewe iwekwe kwenye chaja yake ukutani. X100V, na hata Sony a6000 ya mwaka 2014 ambayo sasa ni ya bei ya mtumba, zinachajiwa kwa waya, kwa hiyo betri ya akiba ya simu au paneli ndogo ya jua inatosha. Pimeni wenyewe. Mimi ningenunua betri ya pili na kuendelea.

Hiyo Sony a6000, kwa njia, inafaa kufikiriwa. Kidirisha chake ni cha umeme, kiko kwenye kona, kina nukta 1,440,000, ambazo kwa leo ni chache. Ukiwa ndani ya baa ya Kamalondo usiku, taa moja ya kijani na nyingine imekufa, utaona chembechembe zinacheza kama mchanga. Hata hivyo utaona. Kidirisha cha kioo kwenye giza lile kinakupa kile kile ambacho jicho lako limeshindwa kukiona. Cha umeme kinaongeza nuru. Wapiga picha wa usiku wachukue cha umeme, hapa sina ubishi.

Na kuna onyo ambalo wauzaji hawalitoi. Kidirisha cha umeme ni skrini iliyowekewa kioo cha kukuzia mbele yake. Sote utotoni tulichoma karatasi kwa kioo cha kukuzia. Ukiacha kamera juu ya meza ya nje au kifuani huku kidirisha kinaangalia jua, mwanga unaingia kwa nyuma, unakusanyika pale kwenye skrini ndogo, na kuichoma. Linabaki doa ambalo halitoki, katikati ya kila kitu utakachokiangalia mpaka uiuze. Viwanda vyenyewe vinaandika onyo hilo kwenye vijitabu vyao. Kwa jua letu, geuza kamera iangalie chini au iweke kwenye mfuko.

Vumbi letu jekundu nalo, lile la kiangazi linaloinuliwa na malori ya shaba, linapenda sana kile kipira cha kuzunguka kidirisha. Usifute kwa shati. Puliza kwanza, kisha kitambaa laini. Ukifuta kwa shati unasugua mchanga juu ya kioo, na baada ya msimu mmoja utadhani una mtoto wa jicho.

Mtu atauliza, hivi wakubwa wa kazi hii walichagua kwa hesabu zote hizi? Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928 na kufariki Kinshasa mwaka 1997, alinunua Adox ndogo mwaka 1950 ili harusi yake mwenyewe ipate picha. Kamera ndogo kabisa. Kwa kazi hiyo ya picha alikuja kuwa mpiga picha wa mwanamuziki Franco, na usiku wa Kinshasa wa miaka ile, baa, vijana walioitwa Bill, wanawake waliovaa wakavalika, tunaujua kwa macho yake. Watu katika picha zile wanamwangalia. Wanajua yupo. Hakuna aliyeibiwa sura.

Hapa kwetu mambo yamechukua njia nyingine. Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi wa mwaka 1978, alitoa kazi yake Mémoire mwaka 2006: picha za kale za rangi nyeusi na nyeupe za wafanyakazi wa migodi, amezikata na kuzisimamisha mbele ya mitambo ya kampuni ya migodi ya Gécamines iliyooza, yenye rangi za leo. Ukikaa mbele ya kazi ile unaona tofauti ya macho mawili. Waliopigwa enzi za ukoloni wamepangwa, wamesimama mkao wa kuhesabiwa. Aliyeshika kamera wakati ule hakuhitaji kuongea nao. Kazi ya Baloji ni ya subira na ya kumbukumbu, si picha ya kukamata barabarani, lakini imetuachia swali ambalo mpiga picha wa mitaani wa mji huu halikwepi: unamwangaliaje mtu anayekuangalia? Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha shirika la Picha, na kutoka hapo ikazaliwa Biennale ya Lubumbashi. Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu kamera walipata homa hii kwenye maonyesho yale. Macho hayana pazia, tunasema, na mjini hapa kila anayepita anakuona nawe unavyomwona.

Kuna njia moja ya zamani ambayo karibu imesahaulika nayo ni nzuri kwa adabu: Rolleiflex, iliyotoka mwaka 1929, ile yenye lenzi mbili moja juu ya nyingine. Unaishika tumboni, unafungua kifuniko, unainama kuangalia kwenye kioo kilicho juu. Picha inakuja kulia kushoto imegeuka, inachanganya kidogo, unazoea. Lakini unayempiga anaona mtu aliyeinamisha kichwa mbele yake, na wazee wengi wanalipokea hilo vizuri kuliko lenzi iliyoelekezwa machoni. Kamera za leo zenye skrini inayokunjuka zinaweza kufanya vilevile, kivulini. Juani turudi kule kule kwa kidirisha.

Basi ukienda kununua, fanya hivi. Nenda na miwani yako, hata kama unaona haya kuivaa. Usiombe kuona picha zilizomo ndani ya kamera. Omba kuishika. Kidirisha ni kama kiatu, hakuna anayeweza kukuvalia: sifa nilizozitoa hapa ni za jicho langu na pua yangu. Weka jicho, tafuta pembe zote nne bila kuhamisha kichwa. Soma namba zilizo chini. Fumbua jicho la pili uone kama kichwa kinauma. Zungusha kile kigurudumu, maana kwenye mitumba mara nyingi kimekwama. Angalia ndani kuelekea dirisha lenye mwanga uone kama kuna ukungu au utando wa kuvu. Kamera iliyokaa kwenye sanduku wakati wa masika huotesha kuvu, na kuvu akishika kioo haondoki kwa kufutwa. Kama kidirisha ni cha umeme, tafuta doa la jua.

Halafu toka nayo mlangoni, hatua chache tu, muuzaji akiwa kando yako, uiangalie barabara: wewa, mti wa jakaranda, mtu anayepita na mkate. Dukani chini ya taa ya neon kila kidirisha ni kizuri. Muuzaji akikataa isivuke kizingiti, mrudishie kamera yake, umshukuru, uende duka la pili.